Ramani ya Mbegu za Mama

Mwaka tulipokuwa tukitengeneza programu yetu ya simu, mimi na mwenzangu, nilikuwa nimejiaminisha kwamba nina akili kuliko watu wote wa kilima chetu. Nasema hivi mapema ili msomaji asije akanihurumia bure. Nilikuwa nimemaliza masomo ya kompyuta Goma, nimerudi Bihambwe na kompyuta moja mgongoni na Kifaransa kingi mdomoni, na kila nilipomwona mtu anafanya jambo polepole nilijiuliza kwa nini hajatengenezewa programu ya kumharakisha.

Wazo lenyewe halikuwa baya. Hata leo silikatai. Kwetu Masisi watu wamekimbia na kurudi mara nyingi, na anayerudi hukuta nyumba haina mlango na ghala halina punje. Shamba lipo, mikono ipo, mvua inakuja, ila mbegu hakuna. Basi hununua sokoni maharagwe ya kula, yaliyotoka mbali kwenye joto, akayapanda kwenye baridi yetu, yakafa kabla ya kutoa ua. Na wakati huohuo, kwenye kilima cha jirani, yupo mama mwenye mbegu nzuri zilizozoea udongo uleule. Programu yetu ingewakutanisha hao wawili. Mwenye mbegu angeandika kwamba anazo, na asiyenazo angeona ziko wapi, hata kama yeye yuko Buleusa, upande wa Walikale. Mwenzangu alikuwa mtu wa Itebero, kule msituni, niliyesoma naye darasa moja. Yeye alichora kurasa. Mimi nilishughulika na maneno na watu.

Mbegu nzuri nilizokuwa nikizifikiria ni za Mama. Kwetu mwanamke hapandi aina moja ya maharagwe. Hupanda mchanganyiko, na mchanganyiko wa Mama ulikuwa na aina kumi na nne. Aliwataja kama watu: wekundu wanene, weusi wadogo, manjano, zambarau, wenye madoa, na weupe wadogo sana ambao bibi yangu aliwaita wake mwenyewe. Mama alijua tabia ya kila mmoja. Mvua ikizidi, fulani watakufa na fulani watabaki. Jua likizidi, kinyume chake. Mwaka hauwezi kuwaua wote, ndivyo alivyosema, na kwa sababu hiyo hatukuwahi kulala njaa msimu mzima tukiwa kwetu.

Mara ya mwisho tulipokimbia, aliondoka na punje chache za kila aina, zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Alikaa nacho kambini miezi, hakukifua, akiogopa kulegeza fundo. Tuliporudi, ilimchukua misimu minne kuzizidisha mpaka zikatosha shamba. Toka hapo akawa anazificha. Alizichanganya na majivu, akazijaza kwenye madumu makavu, akayafukia kwenye shamba la chini. Baba alikuwa ameshafariki. Aliyekuwa naye shambani siku za kufukia ni mimi, nikishika jembe la pili.

Sasa, wawekezaji. Walikuwa watu watano waliokuwa wanakuja Goma kusikiliza vijana wenye miradi, na kila kikundi kilipewa dakika saba. Walitaka tuwaonyeshe prototipi, yaani programu ya mfano: kurasa unazogusa kwenye simu zikafunguka kama kweli, ingawa nyuma yake bado hakuna kitu. Katika barua yao waliandika kwamba wanataka kuona tumezungumza na watumiaji halisi. Nikamleta mwenzangu Bihambwe, na Jumapili baada ya ibada tukaketi na akina mama kwenye majani nyuma ya kanisa.

Walizipenda kurasa za kwanza. Picha za maharagwe ziliwafurahisha, wakabishana ni ya nani iliyopigwa vibaya. Kisha ukaja ukurasa unaouliza: una mbegu kiasi gani? Chini yake palikuwa na vitufe vitatu: kidogo, wastani, nyingi.

Mama wa kwanza akabonyeza kidogo. Wa pili kidogo. Wa tatu aliuliza wa pili amebonyeza wapi, kisha naye akabonyeza palepale. Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu Baba, ambaye mimi mwenyewe nilijua ana mapipa mawili yaliyojaa hadi shingoni, akabonyeza kidogo na kunirudishia simu kama mtu anayerudisha mtoto aliyelowa.

"Shangazi, sema kweli," nikamwambia. "Hii haiko ya serikali."

"Minasema kweli. Tuko nayo kidogo tu."

Mama mmoja akamgeukia mwenzangu. "Na wewe, kaka, uko na bibi bangapi ku nyumba?"

"Hata mumoja, Mama."

"Basi na wewe bonyeza kidogo."

Wakacheka wote, na mwenzangu akacheka. Mimi sikucheka. Nilishuka kilima nimenuna.

Jambo la kuudhi ni kwamba nilijua sababu. Kwetu mtu hasemi alicho nacho. Anayetaka mbegu huja kukutembelea. Hukaa nawe, huambua maharagwe pamoja nawe, huongea habari za watoto na za kanisa, wala neno mbegu halimtoki. Anapoaga, unamfungia kiasi kwenye kitambaa na kumwambia awapelekee watoto. Wote wawili mnajua alilolijia. Nilikuwa nimeyaona hayo tangu naanza kutembea, na baada ya miaka yangu ya Goma niliyahesabu kuwa ni kupoteza wakati. Nilidhani programu yangu imekuja kuyaondoa.

Tulipoingiza majibu kwenye ramani, ikatoka hafifu yote. Kidogo tulikuwa tumeipa rangi ya manjano iliyofifia, na nyingi kijani kibichi. Kilima kizima cha Bihambwe kikawa kama uji uliozidi maji.

"Tuonyeshe vile," mwenzangu akasema. "Njo vile benyewe bamesema."

"Nani ataweka mali yake ku uji?" nikamjibu, nikamnyang'anya kompyuta mikononi.

Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata ya kilima chetu nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeingia nyumba zote zile, nimetumwa chumvi, nimelala mkeka mmoja na watoto wao nikiwa mdogo. Nikaanza kusahihisha, ndivyo nilivyoliita jambo lile, kusahihisha. Shangazi, mapipa mawili, chumba cha nyuma. Mke wa katekista, magunia chini ya kitanda. Kwa Mama nikaandika: madumu sita, shamba la chini, karibu na kijito. Nikaweka na alama mahali penyewe kabisa, maana simu inajua uliposimama. Ramani ikawa kijani, ikapendeza, nami nikapendezwa nayo sana.

Mwenzangu alikuwa na kijiji chake cha mfano cha Itebero cha kujaza. Yeye alibuni kila kitu. Kila familia aliipa jina la samaki wa mtoni, na vijito akavipitisha mahali ambapo hapajawahi kuwa na maji. Nilimcheka. Nikamwambia wawekezaji watanusa uongo.

"Wacha banuse," akasema. "Kwetu njia ya kwenda mu shamba ya muntu, hatuichore."

Nilimwona mshamba. Mchana huohuo nikatuma kiungo cha prototipi kwenye ofisi ya wale wawekezaji, kama walivyoagiza.

Kesho yake nilimwonyesha Mama. Nilitaka ajivunie, sitaficha. Alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya mihogo. Akafuta mikono, akapokea simu, akaanza kusoma polepole huku midomo ikimtembea, kama anavyosoma Biblia. Aligusa kilima chetu, kikafunguka. Akagusa alama ya kijani ya shamba la chini. Alisoma ukurasa ule mara mbili.

"Nani alikuambia haya?"

"Hakuna muntu, Mama. Minajua mwenyewe."

"Unajua juu uko mutoto yangu," akasema. "Sasa hii telefone, iko mutoto ya nani?"

Nikamweleza. Nikamwambia hii ni mfano tu, haiko kwenye simu za watu, wameiona watu watano peke yao, tena wakubwa, wenye heshima zao.

"Bale batano banakaa na nani?"

"Sijue, Mama."

"Na bale benye banakaa nabo?"

Hapo nikamjibu neno ambalo mpaka leo likinirudia hunikata: nilimwambia anaogopa sana. Nilimwambia hivyo mwanamke aliyetutembeza msituni siku tatu na fundo la mbegu kiunoni. Aliilaza simu juu ya mkeka, kioo kikiangalia chini, akaurudia mchi wake. Natamani kusema kwamba aibu ilinijia palepale. Haikunijia. Nilikasirika, nikaona nimezaliwa na watu wasiotaka kusaidiwa.

Asubuhi iliyofuata Mama alitoka mapema kwenda kwa Shangazi, na mimi na mwenzangu tukapanda pikipiki kwenda Goma. Njiani, tuliposimama Sake kupumzika, alinigusa bega.

"Tuifute ile ya Mama," akasema. "Dakika mbili tu."

"Kisha ya kesho," nikasema. "Tumalize kwanza kuwaonyesha bale batano."

Ukumbi ulikuwa na viti vilivyovalishwa vitambaa na chupa za maji mezani. Nilizungumza vizuri; hilo nalijua, maana wale watano waliacha kuangalia simu zao. Dakika ya tano ramani ikatokea ukutani, kubwa kama mlango wa kanisa. Alama ya Mama ilikuwa na upana wa sahani. Maneno yangu yalisomeka hadi nyuma kabisa: madumu sita, shamba la chini, karibu na kijito.

Nyuma kule alikuwa amesimama mwanamume aliyekuwa akigawa chai. Alikuwa na sinia mkononi na anasoma. Alisoma kama alivyosoma Mama, midomo ikitembea, kisha akatabasamu na kumwambia mwenzake aliyekuwa kando, kwa furaha tu, "Bihambwe. Kwetu kabisa." Mwenzake naye akainua macho akasoma.

Hakuwa mtu mbaya. Nina hakika hakuwa mtu mbaya. Lakini sasa walikuwa wawili waliojua. Nilimwelewa Mama wakati ule, mbele ya watu, nikiwa bado na dakika mbili za kuzungumza, na sikumbuki nilizijaza na nini.

Nilipomaliza, mwanamke mmoja kati ya wale watano, aliyekaa katikati, alisema ramani ndiyo iliyomvutia. Vikundi vingine vilileta michoro, sisi tulileta watu. Akauliza kama idadi zile ni za kweli na kama majina ni ya kweli. Aliuliza kwa wema. Nilikuwa na jibu alilolitaka, na lilikuwa jibu la kweli.

"Hapana," nikasema. "Nimezibuni mwenyewe. Ni mfano tu."

"Na majina?"

"Nayo."

"Na hao akina mama mliozungumza nao?"

"Hawapo."

Akaandika kitu, akafunika kalamu yake, akasema wao hawawezi kufanya kazi na mtu anayewabunia watu. Alikuwa na haki. Mwenzangu, ambaye angeweza kunyanyuka na kujitetea, maana kazi ya mwaka mzima ilikuwa yake pia, alikaa kimya akiangalia viatu vyake. Namshukuru kwa ukimya ule kuliko kwa kitu kingine chochote alichowahi kunifanyia.

Nje tuliketi kando ya ukuta, tukanunua mandazi kwa mama mmoja aliyepita na beseni. Mwenzangu alifungua kompyuta juu ya magoti, tukaifuta ramani ya Bihambwe nyumba kwa nyumba. Kiungo kikabaki kinafungua ukurasa mtupu.

"Tumekosa," nikamwambia.

"Njo, tumekosa," akasema, akanikatia nusu ya andazi lake.

Nilirudi nyumbani siku mbili baadaye na habari yangu. Nilikuwa nimeipanga jinsi nitakavyomwambia Mama: kwamba nimekana yote mbele ya watu, kwamba alama yake haipo tena popote, kwamba asiwe na wasiwasi. Lakini nikiwa bado barabarani niliona mashamba. Yalikuwa meusi, yamelimwa upya, kilima chote, kuanzia kwa mke wa katekista hadi kwetu chini. Mvua za kupandia zilikuwa bado wiki tatu na zaidi.

Shangazi ndiye aliyenieleza, kwa sababu Mama alikuwa kijitoni. Mama alipokwenda kwake asubuhi ile, waliwaita wengine waliotajwa kwenye ramani. Kuhamisha mapipa na madumu mchana kungeonwa na kila apitaye, na usiku hakuna anayethubutu kutoka nje. Kuyaacha yalipo hakukuwezekana tena. Basi wakafanya salongo, kazi ya pamoja, wakalimiana mashamba kwa zamu siku mbili mfululizo, wakapanda mbegu zote.

"Mbegu yenye iko mu udongo, haina mwizi," Shangazi akasema. Hakunigombeza. Alinipa maji ya kunywa.

Mama alipopanda kutoka kijitoni nilimweleza, nikisimama, sikuweza kukaa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Asante, mutoto yangu," akasema. "Lakini tulikwisha kupanda."

Siku ya nne tangu wapande ilinyesha mvua moja, nyepesi, ya kuzidanganya mbegu. Zikavimba. Kisha likaja jua, likakaa. Nilichota maji kijitoni kwa ndoo, kutwa nzima, mstari kwa mstari, mpaka viganja vikachubuka. Mama aliniacha siku ya kwanza. Siku ya pili alikuja akanishika mkono.

"Wacha. Hii udongo haishibe na ndoo."

Nililia pale shambani, kwa sauti, kama mtoto. Nilimwomba msamaha, naye akanisamehe. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akaniombea, na wale akina mama wote ambao nilikuwa nimewaweka ukutani wakaitikia amina. Sikusikia hata mmoja akinong'ona. Ningekuwa mimi, ningenong'ona.

Mvua za kweli zilipofika, Mama alitembea matutani akihesabu kwa kidole kilichoota. Aina sita. Weusi, wenye madoa, manjano, na wengine watatu wagumu. Wale weupe wadogo wa bibi hawakuonekana. Alirudi mwanzo wa shamba akatembea tena, akainama hapa na pale kufukua udongo kwa ncha ya kidole, akakuta maganda matupu. Watu husema akiba haiozi. Ile iliyolala kwenye majivu isingeoza. Iliyooza ni ile niliyoitoa mafichoni kwa kalamu yangu.

Na hakuna aliyekuja. Lazima niliseme hili, kwa sababu nimelifikiria sana. Hakuna mtu aliyepanda kilima chetu na ramani yangu mkononi kutafuta madumu ya Mama. Kuna siku nilitaka karibu aje, ili hofu yao iwe na sababu nje yangu. Nilipomwambia mwenzangu hivyo, alisema mwanamke aliyekimbia mara nne hawezi kungoja athibitishiwe.

Msimu wa pili mavuno yalikuwa ya wastani. Wale sita walizaa vizuri. Mama aliwaanika uani siku nyingi, akachagua punje moja moja, akatupa zilizobunguliwa na wadudu, akachunga majivu. Nilimsaidia katika yote hayo. Tulizungumza, tulicheka, alinitania kwamba nitazeeka sijaolewa kwa sababu ya kompyuta. Nilimkaushia dumu la mwisho kwa kitambaa, nikaliweka kando ya mengine. Yalikuwa matatu.

Kesho yake asubuhi alinipa senti na kunituma sokoni nikanunue chumvi.

Nilikwenda. Soko liko mbali kidogo, na nilikutana na watu, nikakawia. Niliporudi, uani hapakuwa na dumu hata moja, na majembe yote mawili, hata lile la pili nililozoea kulishika mimi, yalikuwa yameegemezwa ukutani, yana udongo mbichi. Mama alikuwa ananawa mikono na Shangazi akimmiminia maji. Aliniuliza habari za soko. Nikamweleza nani nimemwona na nani anaumwa, naye akanisikiliza kwa upole wake uleule wa siku zote.

Niliingia jikoni kuiweka chumvi. Ile ya zamani ilikuwa imejaa mfuko. Nikaiweka mpya juu yake, nikatoka nje, nikakaa kibarazani kama wanavyokaa waliokuja kutembelea, nikangoja kuitwa chakula.